Siku yangu moja kwenye boda, na uji uliomwagika mgongoni

Bwana asifiwe wapendwa. Mi ni boda hapa Tabata, Dar, pikipiki ya mkataba, bosi anataka elfu 10 yake kila jioni hata kama mvua imenyesha siku nzima. Kuna dada kwenye jumuiya yetu aliniuliza hivi wewe na zile kelele za barabarani huwa unasali saa ngapi, nikacheka tu nikakosa jibu, kwahiyo ngoja niandike Alhamisi iliyopita ilivyoenda.

Saa 10 na nusu alfajiri. Nisiwadanganye, sala ya kupiga magoti pembeni ya kitanda ilinishinda zamani, kichwa kikigusa godoro tu ni usingizi, wife ameshanikuta hivo mara nyingi hadi kazoea. Nasali nikifuta pikipiki. Nina kipande cha fulana iliyochakaa, naanza na taa ya mbele hapo namuombea mama kijijini macho yake yanasumbua, nakuja kwenye breki naombea abiria wa siku hiyo ambao hata siwajui, alafu nikifika kwenye cheni, ile yenye grisi na vumbi la Kimanga, namuombea shemeji yangu ambaye hatuongei tangu Krismasi. Cheni ndo inachukua muda kuliko vyote. Namalizia na matairi, nabonyeza kwa kidole gumba, yana upepo, asante Yesu, amina, nawasha.

Saa 12 kasoro. Abiria wa kwanza ni mzee, kanzu ya kaki juu koti, ameshika chupa ya chai mkononi na kapu. "Mwanangu nipeleke Muhimbili, pole pole, bibi yako kalazwa nampelekea uji." Shikamoo mzee, marahaba, tukaondoka. Buguruni pale taa zilikuwa zinawaka lakini trafiki kasimama katikati kashika upande wetu, na mi nina mazoea, trafiki akishatushika naombea mtu yeyote aliye kwenye gari la pembeni, siku hiyo ilikuwa konda wa daladala anapiga mswaki mlangoni, nikamwombea konda.

Sasa tunakaribia Ilala Boma kuna shimo nalijua kabisa, nimelikwepa miaka, siku hiyo nikaingia mzima mzima. Nikasikia moto mgongoni. Kumbe kifuniko cha chupa kilikuwa hakijakazwa, uji wa ulezi umenishukia kuanzia shingoni mpaka kwenye mkanda, nikapiga kelele nikaegesha pembeni nikawa naruka ruka pale kama mtoto. Mzee akashuka, akaitikisa chupa sikioni kwake, akasikiliza, akasema "Asante Bwana, haujamwagika wote." Ndo akanigeukia, "pole mwanangu, umeungua?"

Aisee nilikasirika kidogo, yaani shukrani imetangulia kabla ya pole! Lakini mbele ya safari nikaanza kucheka mwenyewe ndani ya helmeti na yeye akawa anacheka huko nyuma bila kujua nacheka nini. Tulipofika akatoa buku tatu zilizokunjwa kwenye leso. Nikataka kumrudishia moja, akakataa katakata.

Saa 4. Kijiweni, chai na chapati mbili. Jamaa wananiita mchungaji, nimeshazoea. Kuna mmoja wetu pale Muislamu, pancha yeye Alhamdulillah, abiria hakuna Alhamdulillah, kachomwa faini Alhamdulillah, zamani nilikuwa nadhani anajifariji tu. Siku hizi namuonea wivu, mdomo wake umeshazoea njia, wa kwangu bado unatafuta.

Saa 8 mchana, hapa ndo imani ilipoyumba. Kijana kashati keupe, Tabata mpaka Kariakoo elfu 4, kufika kaniambia bro nisubiri dakika mbili nachukua hela juu dukani. Jengo lina mlango wa mbele na wa nyuma na mi nimekaa wa mbele. Nimekaa dakika arobaini juani na koti linanuka uji.

Hapo nikakumbuka lile neno la 1 Wathesalonike 5, furahini siku zote, ombeni bila kukoma, shukuruni kwa kila jambo. Hili la kwa kila jambo lilikuwa linanikwaza sana, nishukuru kwa kutapeliwa? Mwinjilisti wetu alishatuelekeza kwamba kwenye Kigiriki ni katika kila jambo, maana yake ukiwa ndani ya hilo jambo, sio kwamba jambo lenyewe ni zuri. Na Paulo hakuandika hayo akiwa amekaa kwenye kiyoyozi, kabla ya kufika Thesalonike alishachapwa viboko Filipi akafungwa miguu kwenye mkatale na bado usiku wa manane yeye na Sila wakaimba, na hiyo Thesalonike yenyewe aliondoshwa usiku. Sawa, nikasema Bwana, kwa huyu kijana sikushukuru, lakini asante pikipiki sijaibiwa. Ndo sala niliyoweza. Kumuombea nikashindwa, nikampeleka kesho kwenye cheni pamoja na shemeji.

Mchana wote baada ya hapo ni tripu za buku buku, hakuna cha kusimulia.

Saa 12 na nusu jioni jumuiya, nyumbani kwa mama mmoja hapo Kimanga. Wakati wa shuhuda mmoja kamshukuru Mungu kwa kiwanja, mwingine mtoto kapata kazi, tukapiga makofi. Mi nikasimama nikatoa ushuhuda wa uji. Kwanza kimya, alafu mama mwenye nyumba akaanza kucheka hadi kashika ukuta na mzee wa kanisa naye akashindwa kujizuia, tukaombea bibi wa Muhimbili ambaye hata jina lake sikuuliza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Saa 4 usiku. Daftari. Nimeingiza 26,500, mafuta 8,000, bosi 10,000, kula 2,500, imebaki 6,000. Pembeni huwa naandika kitu kimoja cha asante, siku zingine naacha wazi kwa sababu sina na sitaki kuandika uongo. Nikaandika: haujamwagika wote.

Wife kaniuliza koti liko wapi alifue, nikamwambia nimelitundika dirishani. Akaenda na tochi ya simu, akaniita. Sisimizi walishaanza kushuka nalo mstari mmoja, kutoka kwenye kola mpaka chini ukutani.