Wimbo wa kusi hili tuunase sasa

Nyangumi wa nundu wako kwetu tena. Kuanzia Julai hadi Septemba hivi, kusi likivuma, hutoka Antaktika kuja kupandana na kuzaa kwenye maji ya joto ya pwani yetu. Wengi huja kuwatazama wakiruka. Mimi nataka sauti zao.

Tukishavuka miamba ya Nyali, ami yangu huzima injini nami nashusha haidrofoni, maikrofoni ya majini, kwa waya wenye chubwi. Waya nimeufungia kipande cha tyubu ya baiskeli: boti ikinyanyuliwa na wimbi mpira huvutika, haidrofoni ikabaki imetulia. Bila tyubu hiyo, utanasa mikwaruzo mitupu.

Kinachotangulia kusikika ni kamba wadogo wa miambani. Hufyatua gando kwa kasi hadi kiputo kikatokea majini na kupasuka, na wakiwa maelfu ni kama mafuta yanayochemka karaini. Halafu meli. Sauti majini hukimbia mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, tena hufika mbali, kwa hiyo meli ya makontena iendayo Kilindini naisikia mapema sana. Mngurumo wake ni mzito, na nyangumi naye hutumia sauti nzito.

"Sasa mwanangu, kwa kelele hizi wao husikizana vipi?" ami aliniuliza. Swali hilo silali nalo.

Waimbaji ni madume. Wimbo mmoja huchukua dakika 10 au 20, kisha dume huurudia toka mwanzo, pengine kwa saa nyingi. Mhandisi Frank Watlington alizinasa sauti hizi Bermuda miaka ya 1950. Mwaka 1971 watafiti Roger Payne na Scott McVay wakaonyesha kwamba zina mpangilio, beti kwa beti. Na madume wa eneo moja huimba wimbo mmoja, ila huubadilisha kidogo kidogo, wote pamoja, mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana nina haraka. Wa kusi hili usiponaswa, mwakani hutaupata.

Nyumbani naufungua kwenye kompyuta kama picha, muda ukienda kulia na sauti nyembamba zikiwa juu. Kila mlio unaopanda naupigia mstari mwekundu. Kazi ya usiku kucha, na naipenda mno.

Wavuvi wa Nyali, Likoni na Mtwapa, mkimwona nyangumi nje ya miamba, niandikieni saa na mahali. Kama hakuna hatari, zimeni injini kidogo.