Tumbaku na ule mtaro

Jumapili mimi na farasi Tumbaku tulirudi kutoka mashindanoni na alama 20 za adhabu, na Madamu, mwenye farasi, akanipa mkono kama mtu aliyeletewa kombe. Ngoja nieleze.

Kwa wasionijua, mimi ni saisi, mtunza farasi. Naishi Ngong, napanda matatu ya 111 alfajiri, nashuka Karen, na ikifika saa kumi na mbili na robo tayari nimeshika koleo natoa samadi. Kabla ya hapo nilikaa miaka sita upande wa mbio, kule uwanja wa Ngong Road, nikipanda farasi wa mazoezi asubuhi. Sasa niko kwenye banda dogo lenye farasi kumi na mmoja, na wale farasi vijana wenye mushkeli hunijia mimi, eti nina mkono mtulivu. Mke wangu anasema si utulivu, ni uzito wa kukasirika tu.

Tumbaku ana miaka mitano. Alizaliwa kwa ajili ya mbio, akakimbia mara nne, na mara zote nne alimaliza akihesabu mikia ya wenzake. Wakamuuza. Ana jina refu la Kizungu kwenye karatasi zake, lakini rangi yake ni ile ya tumbaku iliyokaushwa vizuri, na jina likajipa lenyewe. Madamu alimnunua ili binti yake aje kumpanda kwenye kroskantri, na kazi ya kumtengeneza ikawa yangu.

Nikisema kroskantri, watu wa kwetu wanafikiria mbio za nyika, wanafikiria Iten na matope na vijana wembamba. Hii ya farasi ni nyingine. Unapewa njia inayopita nyasini na kwenye miti, na njiani kuna magogo, mitaro, matuta, maji. Kila kizuizi kina bendera mbili, nyekundu kulia na nyeupe kushoto, nawe unapita katikati. Farasi akikataa mara ya kwanza ni alama 20, akikataa tena palepale ni 40, mara ya tatu mnarudishwa nyumbani. Na tofauti kubwa na kuruka uwanjani ni hii: uwanjani farasi akigusa mti wa kizuizi, mti unaanguka. Gogo la kroskantri halianguki. Mnaanguka nyinyi.

(Halafu msidhani haya mambo ni ya wazungu peke yao. Mbio za kuruka viunzi na maji, ambazo dhahabu ya wanaume ilikuwa yetu katika kila Olimpiki tuliyokwenda kuanzia 1968 hadi 2016, zilitoka kwa farasi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1752 huko Ayalandi watu wawili walishindana kwa farasi kutoka kanisa moja hadi jingine, wakiruka kila kilichowakatia njia. Binadamu wakaja kuiga baadaye.)

Miezi ya kwanza na Tumbaku ilikuwa rahisi hadi nikaanza kujisifu. Magogo ya sentimita 30, ya 40, ya 60, anapita kama mtu anayevuka kizingiti cha kwao. Kisha tukafika kwenye mtaro.

Mtaro wenyewe si kitu. Upana haufiki mita moja, kingo zake zimezuiwa kwa magogo ya mkaratusi, ndani kuna majani makavu. Ilikuwa Machi, mvua haijafika, nyasi ndefu na udongo umepasuka. Nilikuja kwa troti, ule mwendo wa mchakamchaka, polepole. Tulipobakiza hatua tano hivi, ngiri akachomoka mtaroni, mkia juu kama eriali ya redio, na watoto watatu nyuma yake. Tumbaku akageuka. Mimi sikugeuka naye, nilibaki palepale alipokuwa, isipokuwa yeye hakuwepo tena chini yangu.

Hilo halikuwa kosa la mtu. Kosa langu lilikuja siku mbili baadaye. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa kupanda farasi aliyepita kututembelea, na watu kama sita wameegemea uzio wanatazama. Tumbaku akafika mtaroni akasimama. Mwalimu akasema, "Usimwachie! Ukimwachia leo, amekuweza." Nilikuwa na fimbo. Nikamchapa. Akarudi nyuma, nikamchapa tena. Mara ya tatu akaruka, lakini akaruka kwa hofu bila kupima, miguu ya nyuma ikaingia mtaroni na goti la nyuma likachubuka kwenye gogo. Watu wa uzioni wakapiga makofi. Ningependa kuwaambia nilimchapa kwa sababu mwalimu alisema, lakini nilimchapa kwa sababu nilikuwa natazamwa.

Kidonda kilipona kwa siku kumi. Kilichobaki ni kwamba Tumbaku sasa aliogopa kila kitu chenye mstari mweusi chini. Mpira wa kuoshea ukilala uani, hapiti. Kivuli cha lango saa nne asubuhi, hapiti. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi ndiye niliyempeleka kwenye nyoka mara ya pili.

Pale bandani tuna mzee mmoja, saisi tangu sijazaliwa, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Nilimwendea.

"Mzee, shikamoo. Huyu Tumbaku amenishinda."

"Marahaba. Ulimchapa kabla ya shimo au baada ya shimo?"

"Kabla, mzee."

"Basi, kijana wangu, sasa anajua kwamba shimo linachapa."

Akaendelea na chai yake.

Tulianza na gunia. Gunia tupu la mahindi, limelazwa katikati ya uwanja mdogo, na mimi chini kwa miguu, nimeshika kamba tu. Siku ya kwanza hatukulipita. Tulilizunguka, mduara mkubwa, kisha mdogo, na kila akiinamisha shingo kulinusa nilimwachia kamba nikamkuna pale mbele ya bega, pale ambapo farasi wenyewe hukunana kwa meno. Siku ya tatu akalikanyaga kwa bahati mbaya, akajishtukia, akaruka pembeni, kisha akarudi mwenyewe kulitazama. Nilijua hapo kuna kitu.

Baada ya gunia, miti miwili chini, katikati nailoni nyeusi ya kufunikia nyasi, upana wa kiganja. Kisha upana wa viganja viwili, vitatu. Kisha mfereji wa kutolea maji nyuma ya choo cha wafanyakazi, ambao mtoto wa chekechea anauvuka bila kutazama. Kwa Tumbaku ulikuwa Bonde la Ufa. Kila hatua ilichukua siku nne, tano, na baada ya kila hatua ngumu tulirudi kwenye rahisi, alale akijua ameweza.

Na Shosho alikuwepo. Shosho ni jike mweupe wa miaka 22, tumbo kubwa, hana haraka na dunia. Anapita juu ya chochote kwa mwendo wa mtu anayetoka kanisani. Farasi ni mnyama wa kundi. Mwenzake akipita na asidhurike, hilo lina uzito kuliko miguu yangu miwili na maneno yangu yote matamu. Binti wa Madamu alikuwa anampanda Shosho mbele, mimi na Tumbaku nyuma, mkia kwa pua.

Kuna mambo mawili nilipaswa kuyakumbuka kutoka kule kwenye mbio. La kwanza ni mdomo. Farasi wa mbio amefundishwa kwamba mpandaji akikaza hatamu, ndio wakati wa kuegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kwenda. Kwa hiyo ukiogopa ukakaza, yeye anaongeza, au anachanganyikiwa. Dawa niliyopewa na mzee: chukua mkanda wa zamani wa kikuku (kile cha kuwekea mguu), mfunge shingoni, na mkiruka ushike huo mkanda. Hata akiruka vibaya, mdomo wake hauvutwi. Nimeona wapandaji wa bei ghali wakidharau huo mkanda. Mimi siutoi.

La pili ni macho. Macho ya farasi yako pembeni, anaona karibu duniani kote bila kugeuka, ila kuna sehemu ndogo mbele ya paji la uso na nyingine nyuma ya mkia ambazo hazioni. Maana yake, akikaribia kabisa kizuizi, kinampotea. Anaruka kwa kumbukumbu ya hatua chache zilizopita. Ukimshikilia kichwa juu asiinamishe shingo kutazama mapema, umemfunga kitambaa usoni kisha unamwambia ruka. Na rangi pia: nyekundu na kijani kwake hazitofautiani sana, bluu na njano ndizo anazozijua. Uingereza walianza mwaka 2022 kuondoa rangi ya machungwa kwenye viunzi vya mbio za farasi na kuweka nyeupe, baada ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter. Sisi tulikuwa na mti mwekundu uliolazwa mbele ya mtaro wetu, kwenye nyasi za kijani. Jumamosi moja nikachukua brashi na chokaa nikaupaka mweupe. Nilitumia nusu saa na hakuna aliyenilipa. Ukiniuliza, ile brashi ilisaidia kama wiki mbili za mazoezi.

Siku ya mtaro wenyewe ilikuwa Jumanne mwezi wa Juni, saa mbili asubuhi, baridi ile ya Karen inayoingia kwenye vidole. Nilitangulia kwa miguu, nikakata nyasi kwa panga, nikapiga magogo kwa fimbo ili kama kuna ngiri aondoke kwa heshima. Kisha nikampanda.

Tulifika ukingoni tukasimama. Sikumwambia kitu. Chini ya mapaja nilisikia moyo wake, au labda wangu, ukipiga kwenye mkanda wa tandiko. Masikio mbele, magumu kama majani ya mkonge. Akapuliza pua, ule mlio wa kama kupasua kitambaa. Shosho alikuwa ng'ambo, ameinama anakula. Tumbaku akainamisha shingo hadi singa zikagusa mikono yangu, akanusa gogo, akanusa mti mweupe, akachungulia shimo. Akatafuna kitu kisichokuwepo. Akarudi hatua moja, nikamwacha arudi. Kisha sikio moja likageuka kwangu, na wakati huohuo nikasikia mgongo wake ukijikunja chini yangu kama paka.

Akaruka kama nyumbu wa Mto Mara. Shimo lisilofika mita moja, yeye akaruka tatu, na juu yake akaongeza kimo cha ukuta. Kikuku cha kushoto kilinitoka, nikabaki nimeshika mkanda wa shingo na singa na jina la Mungu. Tulitua tukamkosa Shosho kidogo tu. Shosho hakuinua hata kichwa.

Nilimpapasa shingo mpaka mkono ukachoka. Tukavuka tena kurudi, safari hii mita mbili. Tena, na ya tatu alivuka kama kuvuka mfereji. Nikashuka, nikalegeza mkanda wa tandiko, nikaanza kumtembeza nyumbani.

"Anko, ni hayo tu?" binti akauliza. Alikuwa ameamka mapema siku ya likizo kwa kazi ya dakika kumi na moja.

"Ni hayo tu."

Hakufurahi. Lakini kesho yake Tumbaku alinivuta yeye kuelekea mtaroni, kwa sababu kule ndiko alikopapaswa.

Sasa hiyo Jumapili. Mashindano madogo, daraja la sentimita 60, mimi juu kwa sababu Madamu alitaka nimwonyeshe njia kwanza. Kizuizi cha nne kilikuwa mtaro, mpana kuliko wetu, na sikupumua kuanzia cha tatu. Tumbaku akautazama, akarefusha hatua moja, akapita. Nilipiga kelele peke yangu katikati ya miti kama mwendawazimu.

Cha saba kilikuwa gogo. Gogo la kawaida, ambalo ameruka mara mia. Kando yake alikaa mama mmoja mwamuzi, na kiti chake, na chupa ya chai, na tukiwa hatua sita kutoka pale manyunyu yakaanza na mama akafungua mwavuli. Tumbaku alifunga breki zote nne. Alama 20. Mama akasema pole, akafunga mwavuli akalowa kwa ajili yetu. Tukazunguka kwa troti, nikashika mkanda wangu, nikangoja lile sikio. Tukapita. Madamu alikuwa ametazama kutoka kilimani, na alichokiona ni kwamba mkono wangu wa fimbo haukutikisika. Fimbo yenyewe sikwenda nayo.

Kilichobaki ni maji. Kwenye kroskantri farasi lazima aingie majini na kutoka upande wa pili, na Tumbaku mpaka leo hata dimbwi la pale tunapooshea farasi analiruka lote bila kulowesha ukwato, kama Amos Biwott, mkimbiaji wetu wa viunzi na maji, kule Mexico 1968, aliyeruka shimo la maji akatua pakavu huku wenzake wakichovya viatu. Biwott alirudi na dhahabu. Sisi tutahitaji kulowa. Shosho nimeshampa habari, na kesho kwenye begi naweka soksi za pili.