Kumbukumbu ya mradi: kubadili kipande bila kuzima programu

Leo moduli (kipande cha programu chenye kazi yake) ya kusoma sensa, yaani vifaa vya kupima, imetolewa, toleo jipya likaingia, na programu nzima ikaendelea kupiga kazi kama kawaida, haikuzimwa wala kuwashwa upya. Nimefurahi sana! Hii ni ile programu ya kukusanya vipimo vya joto na unyevu, nataka ikae hewani miaka, na kitu cha miaka lazima kibadilike, sensa zitabadilika, muundo wa data nao hivohivo.

Kugawa vipande kwenyewe hakunipi shida. David Parnas, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta, alishaeleza tangu 1972 kwamba kila moduli ifiche uamuzi mmoja unaoweza kubadilika, usigawe kwa kufuata hatua za kazi, kwahiyo kwangu aina ya sensa inajulikana na moduli moja tu, namna ya kuhifadhi inajulikana na nyingine, basi. Kazi iko kwenye hali, yaani vile vitu moduli ilivyovishika kwenye memori wakati unaitoa: wastani wa saa nzima, foleni ya vipimo ambavyo bado havijafika kwenye diski. Ukibadili msimbo ukaacha hivyo vipotee, hapo ni sawa na umeizima programu tu.

Njia nimeitoa kwenye Erlang, lugha ya programu iliyozaliwa kampuni ya Ericsson miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu, maana simu za watu huwezi kuzikata eti unaweka toleo jipya. Kule matoleo mawili ya moduli yanaishi pamoja, la zamani na la sasa, na kuna fankisheni maalum ya kugeuza hali ya zamani iwe mpya. Kwangu kila hali inabeba namba ya toleo lake, moduli mpya inaisoma na kuigeuza, ikishindwa inakataa na ile ya zamani inaendelea na kazi. Hapo pa kukataa ndo napapenda kuliko pote, ndo panaponipa usingizi.

Saa ya programu pia nimeigusa, maana nataka ikae hewani miaka: kaunta ya biti 32 inayohesabu milisekunde inajaa baada ya siku 49 na ushee, Windows 95 ilikuwa inaganda kwa hilohilo. Sasa natumia biti 64.

Kinachofuata ni kubadili moduli mbili zinazotumiana ujumbe. Nafikiria ujumbe uruhusiwe kuongezwa sehemu tu, hakuna kufuta wala kubadili maana, mpaka toleo la zamani liwe limetoka kabisa.