Vitu vya Kuazima: Jinsi Tulivyofungua Makumbusho katika Nyumba ya Babu, Kamalondo

Ukoo wetu ulipokubali kwamba vyumba viwili vya mbele vya nyumba ya babu, katika komini ya Kamalondo hapa Lubumbashi, visipangishwe tena bali viwe makumbusho madogo ya mtaa, kilichonisumbua zaidi ni kukosa vitu vya kuonesha. Babu, aliyefanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba ya wakati wa ukoloni, hadi akastaafu, alituachia sanduku la chuma, kofia ya kazi na picha chache zilizofifia, ambavyo havikutosha hata kujaza meza moja. Vyumba vya nyuma viliendelea kukaliwa na wapangaji, na kodi yao ndiyo iliyolipia bati na chokaa.

Nilijua kwamba vitu vipo mtaani. Kamalondo ni miongoni mwa makao ya kwanza ya Waafrika katika mji huu, ulioanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na kwa miaka mingi ardhi iliyoachwa tupu makusudi iliwatenga wakaaji wake na mji wa wazungu. Katika nyumba za zamani bado zimo pasi za makala (makaa), gramafoni, baiskeli, na vyerehani vya akina mama waliofundishwa kushona katika foyer social, vituo vya mafunzo ya akina mama vya wakati wa ukoloni. Hata hivyo nilipopita kuomba zawadi kwa ajili ya makumbusho, nilikaribishwa vizuri, nikapewa kiti na maji, kisha mazungumzo yakahamia mambo mengine. Mama mmoja, rafiki wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenieleza waziwazi: «Mwanangu, vitu vya hapa vikitoka, havirudi.»

Alikuwa na sababu. Wakaaji wa hapa wamewaona wanunuzi wakiondoka na vinyago na misalaba ya kale ya shaba. Wamewaona pia wastaafu wakiuza samani zao kipande kwa kipande baada ya mwaka 2003, Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, ilipowaondoa kazini zaidi ya wafanyakazi 10,000 kwa mpango ulioitwa wa hiari. Kwa watu waliolelewa katika kambi za wafanyakazi za kampuni, ambako walipewa poso (mgao wa chakula), matibabu na shule za watoto, na ambako kampuni ilisemwa kuwa ni baba na mama, kuuza kabati la sebuleni kulikuwa aibu isiyosahaulika. Basi mimi nilikuwa mtu mwingine tena aliyesimama mlangoni akitaka kuondoka na kitu.

Ndipo nilipomshauri yaya, kama tunavyomwita hapa ndugu mkubwa, kwamba tusipokee zawadi na tusinunue, bali tuazime tu. Kuonesha vitu vya wakaaji hakukuwa jambo geni mjini, kwa sababu tangu mwaka 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walikuwa wamekusanya kumbukumbu za watu na kupeleka vitu vyao katika maonesho ya Makumbusho ya Taifa. Sisi tulikuwa na faida moja zaidi, kwamba mwenye kitu angeweza kukitazama kila apitapo kwenda sokoni, na kukidai papo hapo.

Tulifungua daftari kubwa lenye mistari. Kila kitu hupewa namba, na mbele yake huandikwa jina la mwenyewe, tarehe ya kupokelewa, hali yake (ufa uko wapi, mpini umelegea au la) na maneno ya mwenyewe kuhusu kitu hicho, jinsi alivyoyasema, kwa Kiswahili chetu cha hapa bila kusahihishwa. Karatasi mbili hutiwa saini, moja hubaki kwake. Namba huandikwa kwa penseli kwenye kikaratasi kinachofungwa kwa uzi wa pamba, kwa maana gundi huharibu rangi ya mbao na wino huenea mvua zinapoanza mwezi wa Novemba. Mwenye kitu ana haki ya kukichukua kwa ajili ya harusi au kilio, na mahali pake hubaki kibao kinachosema kimechukuliwa na mwenyewe. Wageni wengine hucheka wakiona kibao bila kitu, lakini mimi naona hicho ndicho kitu bora tulicho nacho.

Kilichofungua vinywa kuliko vyote ni picha za kuchora. Katika miaka ya 1970 sebule nyingi za Lubumbashi zilitundikwa picha zilizouzwa nyumba kwa nyumba na wachoraji wa mjini, akiwamo Tshibumba Kanda Matulu: Mamba Muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, au «Colonie belge», ambamo mfungwa anachapwa fimbo mbele ya mkubwa wa kizungu huku wengine wakitazama. Tuliazimwa picha ya namna hii ya pili, iliyotoboka pembeni, tukaiweka mkabala na benchi. Wazee waliokuwa wakijibu maswali yangu kwa neno moja walikaa pale wakaanza kusimuliana wao kwa wao, bila kuulizwa, juu ya baba zao na polisi wa usiku. Niliacha kuuliza, nikawa naandika tu.

Mambo mawili yalitutaka uangalifu mkubwa. La kwanza ni mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière, uliomalizwa kwa risasi tarehe 9 Desemba 1941, siku aliyouawa Léonard Mpoyi, karani aliyekuwa akiwasemea wenzake. Hesabu ya waliokufa iliyotolewa na serikali ya wakati ule hailingani na ile inayosimuliwa majumbani, nasi tumeandika kwamba hazilingani. La pili liko karibu zaidi, nalo ni kufukuzwa kwa watu wenye asili ya Kasai, eneo jingine la Kongo, katika miaka ya 1992 na 1993, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa hapa. Jirani mmoja alituazima tikiti ya treni ya safari hiyo, na mwingine akataka iondolewe, akisema itachochea. Tuliwaita wote wawili, wakaongea kwa muda mrefu uani. Tikiti ilibaki, na kando yake yapo maelezo ya kila mmoja, yenye ukubwa sawa wa herufi.

Kuhusu jengo nitasema machache. Matofali yake yalifyatuliwa kwa udongo wa vichuguu, ni laini, na fundi aliyetaka kuyafunika kwa saruji tulimkatalia, maana saruji hufungia unyevu ndani na tofali humomonyoka. Chokaa hupumua. Mchwa hatujawashinda.

Tatizo lililobaki ni la warithi. Mzee aliyetuazima baiskeli yake alifariki, na watoto wake walikuja siku tofauti, kila mmoja akiwa na madai yake, huku daftari likiwa na jina la marehemu peke yake. Baiskeli ilikaa imefungwa mnyororo hadi kikao cha familia kilipoamua. Siku hizi kuna safu nyingine katika daftari, ambamo mwenye kitu huandika, akiwa hai na mbele ya shahidi, ni nani atakayekuja kukichukua.