Kwa Miguu Kutoka Lushoto Hadi Mtae

Basi la Mtae likishatoka Lushoto, kwenye milima ya Usambara, hupanda Magamba, hukata msituni, hupita Lukozi, Manolo na Sunga, na jua likiwa bado lipo abiria wa mwisho wameshashuka. Ni kilomita zipatazo 60 za vumbi na kona. Nimeipita njia hiyo tangu nikipakatwa na mama, na mtu akiniuliza ina nini, nilikuwa na jibu moja tu: kona. Januari hii nimeipita kwa miguu nikiwa na mjomba, kaka yake mama, na furaha niliyorudi nayo ni kubwa kiasi kwamba nimeona si haki nikae nayo peke yangu.

Wazo lilikuwa lake. Alikuwa ameshuka Lushoto kwa shughuli zake, nami nimepanda kutoka Dar es Salaam kwenda kumsalimia bibi, mama yao. Tukakutana stendi. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaanza kuuliza: kazi, nyumba, mama, watoto mmoja mmoja kwa jina lake. Basi lilikuwa limeshawashwa na kondakta anagonga bodi. Mjomba akamaliza watoto wote, ndipo akasema, "Mwanangu, begi mpe kondakta, watalipokea nyumbani. Sisi tutembee. Bibi yako yupo, haendi popote."

Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na msitu wa Magamba una sehemu zinazopita mita 2,000, kwa hiyo mwanzo wa safari ni kupanda tu. Mjomba ana hatua fupi. Mlima ukisimama, hatua ni ile ile. Njia ikilala, hatua ni ile ile. Ana zaidi ya miaka sitini na sikumwona akiketi kupumzika hadi tulipofika msituni, kwa sababu hakuwa amechoka. Mimi miguu ilikuwa bado na mwendo wa Kariakoo. Nikawa namwacha, nasimama, ananikuta, namwacha tena. Akaniambia kwa upole, "Ukitangulia utakuwa kazi yako ni kuningoja. Njoo tuongee." Nikarudi ubavuni mwake, na kuanzia hapo nikaanza kuona.

Kwenye msitu wa Magamba kuna miti inaitwa mikulo, mirefu, minene, gome limepasukapasuka. Mjomba aliparuza gome la mmoja kwa ukucha na kuniambia ninuse. Harufu ya kafuri ilinipanda puani kali na safi, ikabaki kidoleni hadi mchana. Chini ya mti ule majani makavu yalikuwa yameloa umande, na kila jua lilipopenya juu, mvuke mwembamba ulinyanyuka ardhini. Tulikaa pale. Sijui tulikaa muda gani na sikutaka kujua. Kwanza nilisikia ndege tu. Kisha nikasikia maji, ingawa kijito kilikuwa kikitiririka tangu tulipofika. Kisha matawi yakatikisika na mbega wakaanza kuvuka juu yetu, wale weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani. Jike mmoja alikuwa amembeba mtoto, na mtoto alikuwa mweupe mwili mzima. Mjomba akaninong'oneza kwamba huzaliwa hivyo, weusi huja baadaye. Mama yule akatulia kwenye tawi akatuangalia, akamshika mwanawe vizuri, akaruka. Nilijikuta nimeshika mdomo. Nina zaidi ya miaka arobaini, ukoo wa mama wote ni wa milima hii, na nilikuwa sijajua kwamba mtoto wa mbega ni mweupe.

Kutoka pale mjomba alinisimulia habari za Mbegha. Kila Msambaa ana namna yake ya kuisimulia na yeye anaisimulia polepole, ndiyo maana ilitufikisha Shume. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Nguu, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na kwa desturi za wakati ule kigego aliogopwa. Akahama kwao na mbwa wake na mikuki. Alipofika Usambaa akawapa watu nyama, nao wakampa vyakula vya shamba. Akaua simba, akaamua ugomvi wa watu, mwishowe wakamfanya mtawala, na kizazi chake, Wakilindi, kikatawala kutoka Vugha. Hayo nilikuwa nimeyasikia. Ambacho sikuwahi kukisikia ni jinsi mjomba anavyokaa kwenye sehemu ya kubadilishana chakula. Aliitaja nyama ilivyokaushwa, ndizi zilivyopikwa, nani alikula kwanza na nani alisita. Kwake yeye utawala ulianzia hapo, watu walipokaa chini wakala pamoja bila pupa, na simba ni nyongeza.

Baada ya Shume mashamba yanafunguka. Huko kila mteremko umelimwa: kabichi, viazi, karoti, maharage chini ya mahindi, na matuta yamekata mlima ngazi kwa ngazi. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Usambara kuchimba matuta, watu wakakataa, na mpango wote ukaanguka. Baba yake mjomba alikuwa kati ya waliokataa. Sasa mjomba mwenyewe ana matuta shambani kwake, akaniambia amechimba kila mwaka kipande, kwa wakati wake, na hakuna aliyemsukuma.

Tulisalimia kila mtu. Nilifikiri nazijua salamu za huku, kumbe nilizijua za dirishani, za kupunga mkono. Salamu ya kusimama ina ngazi zake: mmelala vipi, watoto wameamkaje, ng'ombe je, yule mgonjwa amepata nafuu, mvua huko kwenu imefika? Mtu anaweka jembe chini ili ajibu. Kwenye nyumba moja karibu na njia, mama wa makamo alitujibu yote hayo kisha akaingia uani na kurudi na plamsi kwenye upawa, zimeoshwa, bado zinadondosha maji. Mti wenyewe ulikuwa umeegemea ukuta wa nyumba yake. Nikatoa pesa, akanikunja vidole vyangu juu ya noti yangu mwenyewe. "Wewe ni mgeni wa njia," akasema. Plamsi ya Januari iliyoivia mtini ina ngozi nyembamba inayopasuka kabla hujaing'ata sawasawa, juisi inakimbilia kiwikoni, na karibu na kokwa kuna uchachu kidogo unaokufanya uchukue nyingine. Nilikula nimesimama pale pale, mbele yake, naye alikuwa anafurahi kuniona nikila.

Lukozi tulifika alasiri. Pale ndipo mboga za milimani zinapokusanywa, na mafuso ya kwenda soko la Ilala, Dar es Salaam, yalikuwa yamepanga foleni, vijana wanafunga lumbesa kwa kamba huku wanaimba. Kando ya kijito vijana wawili walikuwa wanaosha karoti. Gunia wamelishika kila mmoja pembe zake, wanalizamisha na kulisukasuka, huyu akivuta yule analegeza. Maji yalitoka mekundu ya udongo, kisha ya kahawia, kisha yakatoka meupe, na walipolimimina gunia juu ya turubai zilimwagika karoti zinang'aa hadi nikacheka kwa furaha. Dar nanunua karoti kila wiki. Natamani kila anayezinunua asimame pale dakika chache awaone vijana wale, vidole vimekunjamana kwa baridi ya maji.

Tulilala kwa ndugu wa mjomba. Jikoni moto ulikuwa wa kuni, makande yamechemka tangu mchana, na kulikuwa na mnavu uliokaangwa kwa mafuta kidogo. Baridi ya Lukozi usiku si ya mchezo, walinipa blanketi mbili. Nilipomaliza kuswali isha nilibaki juu ya mswala. Mimi nimezoea kushukuru kwa jumla: alhamdulillahi kwa afya, kwa riziki, kwa familia, amina, simu inaita. Usiku ule nilishukuru kwa kimoja kimoja. Nikashukuru kwa harufu ya mkulo. Nikashukuru kwa mtoto mweupe wa mbega, kwa plamsi ya tatu, kwa yule kijana wa karoti aliyekuwa na kofia ya sufu, kwa mjomba kuuliza habari za watoto wangu wote basi likisubiri. Orodha haikuisha. Kila nilipofikiri nimefika mwisho kilikuja kingine, na machozi yakanitoka nikiwa na amani kamili. Naamini kwa moyo wote kwamba shukrani inahitaji kwanza macho yaliyotulia. Mtu hawezi kushukuru kwa kitu kilichompita.

Manolo na Sunga tulizipita kesho yake njia ikiwa imejaa wanafunzi, kuna vumbi na jua, na tuliongea habari za ukoo ambazo si za kuandika hapa.

Mtae iko juu ya mgongo wa mlima, mwembamba kiasi kwamba ukisimama katikati ya kijiji unaona bonde huku na bonde huku. Upande mmoja milima inaendelea kukunjana, upande wa pili ardhi inakatika ghafla na chini kabisa kumelala nyika ya Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu 2008, kahawia hadi macho yanapoishia. Nimekuwa nikishuka kwenye basi pale na kukimbilia nyumbani. Safari hii mjomba alisimama, nami nikasimama. Upepo unapanda kutoka nyikani na una joto. Wa nyuma, wa milimani, ni baridi. Pale juu unazisikia zote mbili, moja usoni na moja kisogoni.

Bibi alikuwa kibarazani. Begi langu lilikuwa limeshafika na alikuwa ameliweka karibu naye. Alinishika mikono yote miwili, akanirudisha nyuma anitazame, akauliza njiani kuna nini. Nikakaa kwenye mkeka nikamwambia, na kila nilipomtaja mtu, yeye na mjomba walimtafuta hadi wakampata: ni wa ukoo gani, kaolewa wapi, mama yake alikuwa nani. Yule mama wa plamsi aliwatoa jasho kidogo. Bibi alipogundua ni binti wa rafiki yake wa zamani alipiga makofi.

Asubuhi nikamkuta anachambua maharage ya mbegu. Alichagua yaliyojaa tu, akayafunga kwenye kitambaa, akasema kondakta atampelekea yule mama wa plamsi. Akaniuliza nyumba yenyewe iko wapi. Nikamwelekeza: ukitoka Lukozi kuelekea Shume iko mkono wa kulia, chini kidogo ya njia, mlango wa bluu, pembeni kuna beseni la chuma lililopandwa vitunguu, na mti wa plamsi umeegemea ukuta upande wa jikoni.