Kugomba, kugombeza na kugombanishwa

Kiswahili hakina upungufu wa vitenzi vya kumwambia mtu maneno makali. Tuna kukemea, kukaripia, kufokea, kukanya na kusuta, na kila kimoja kina mahali pake. Kwangu mimi, hata hivyo, kitenzi chenye mambo mengi zaidi ya kutazamwa ni kile cha nyumbani, cha jikoni na uani, nacho ni kugombeza. Ukali wake ni wa kiasi. Mtoto aliyetumwa dukani saa kumi akarudi magharibi hutarajia kugombezwa: "Wewe, nilikutuma chumvi au nilikutuma mpira? Mboga imeshaiva bila chumvi, na hiyo chenji iko wapi?" Maneno hayo yanauma kidogo, majirani wanayasikia, kisha chumvi inapokelewa na maisha yanaendelea.

Anayegombeza huwa na haki fulani juu ya anayegombezwa. Mama humgombeza mwanawe, dada mkubwa humgombeza mdogo wake, mwalimu humgombeza mwanafunzi, na bibi humgombeza yeyote atakayempitia mbele. Kondakta wa daladala akikupigia kelele kwa sababu umetoa noti kubwa asubuhi na mapema, hajakugombeza. Amekufokea, kwa kuwa hana dhamana yoyote juu yako na wala hajali kama kesho utakuwa na tabia njema zaidi. Kufoka ni kutoka kwa nguvu, kama maji yanayochemka yanavyosukuma kifuniko cha sufuria, na mwenye kufoka anaweza kufoka hata akiwa peke yake. Kugombeza kunahitaji mtu wa kugombezwa, mwenye masikio na mwenye kosa.

Hapo ndipo kinapotengana pia na kukemea. Viongozi wa dini hukemea rushwa, wahubiri hukemea mapepo, na katika Injili ya Marko, Yesu anaukemea upepo nao unakoma. Hakuna awezaye kuugombeza upepo, wala sijapata kusoma gazeti lililoandika kwamba askofu ameigombeza rushwa. Upande wa pili, ulio mwepesi zaidi, kuna kusema, kitenzi ambacho kikipewa mtendwa kinageuka kuwa lawama: "leo bosi amenisema" si sawa kabisa na "leo bosi ameniambia", na kila aliyewahi kusemwa anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa.

Shina la kugombeza ni gomba. Katika Kiswahili cha bara shina hilo tupu halisikiki sana siku hizi, na kijana wa Dar es Salaam akisikia "gomba" anaweza kufikiria kwanza mirungi. Mombasa bado liko hai, na mtoto wa huko atakwambia kuwa amegombwa na mamake bila kuongeza kiambishi chochote zaidi ya kile cha kutendwa. Methali nayo imehifadhi matumizi ya zamani zaidi, pale inaposema "usigombe na mkwezi, nazi imeliwa na mwezi". Hapa kugomba si kukaripia kwa mkubwa bali ni kubishana, na ndiyo maana kinafuatwa na "na". Kwa hiyo shina moja limebeba mambo mawili tangu zamani, yaani kumkaripia mtu na kushindana naye kwa maneno, na viambishi vilivyokuja baadaye vimeyagawana.

Kiambishi cha kutendana kilichukua ushindani, tukapata kugombana, ambako kila upande unajibu. Tofauti hii ina uzito katika adabu. Mtoto akisema "nimegombezwa na mama" ameeleza tu yaliyompata, lakini akisema "nimegombana na mama" amejiweka kimo kimoja na mzazi wake, na katika nyumba nyingi za pwani kauli hiyo peke yake ingetosha kumletea kugombezwa kwa mara ya pili. Wenye kugombana hasa ni walio sawa: ndugu, mashoga, mke na mume. Ndiyo maana twasema wagombanao ndio wapatanao, na hatusemi hivyo kuhusu mwalimu na mwanafunzi. Kutoka shina hilohilo tuna ugomvi na mgomvi, ambamo b imegeuka kuwa v mbele ya i, kama iba ilivyotupa mwivi kabla ya mwizi kushika nafasi.

Kiambishi cha kutendea kimesafiri mbali zaidi. Kugombea kulikuwa, na bado ni, kushindana kwa maneno au kwa nguvu kwa ajili ya kitu, na hapo ndipo tunapoonywa tusigombee fito ilhali tunajenga nyumba moja. Siku hizi fito zimekuwa ubunge na urais. Mgombea, mgombea mwenza, mgombea binafsi: maneno haya ya karatasi za kura ni jamaa wa damu wa yule mama mwenye sufuria isiyo na chumvi, ingawa sidhani kama tume yoyote ya uchaguzi imewahi kulifikiria jambo hilo.

Jamaa hao walikutana tena kwa njia ya kuchekesha mwezi Februari 2020, Chama Cha Mapinduzi kilipompa Abdulrahman Kinana, aliyekuwa Katibu Mkuu wake, adhabu ya karipio. Kwa utaratibu wa chama hicho, aliyepewa karipio hutazamwa mwenendo wake kwa miezi 18, na katika muda huo haruhusiwi kugombea uongozi. (Aprili 2022 Kinana alichaguliwa kuwa Makamu Mwenyekiti wa chama upande wa Bara, kwa hiyo muda wenyewe ulipita.) Kisa hiki kinaonyesha vizuri kwa nini karipia na gombeza havibadilishani nafasi. Karipia limezaa nomino, nayo inaweza kuandikwa, kupigwa muhuri, kuwekwa katika jalada na kuhesabiwa miezi. Gombeza halina nomino kama hiyo inayotumika kwa kawaida. Hakuna ofisi itakayokuandikia barua ya "gombezo kali". Ukigombezwa, jambo linaisha palepale kwa mdomo, na likikumbushwa kesho yake, litakumbushwa kwa mdomo vilevile.

Sasa nije kwenye umbo linalozua ubishi. Nairobi na maeneo mengi ya bara la Kenya, mtoto aliyekemewa na mamake husema "mama amenigombanisha". Mtanzania akisikia hivyo hushangaa, kwa sababu kwake kugombanisha ni kuchonganisha: kumwendea huyu na neno la yule, kisha kumwendea yule na neno la huyu, mpaka wakose kusalimiana. Huuliza basi, "Amekugombanisha na nani?" Swali hilo nimelisikia likiulizwa kwa kejeli, na mara nyingi hufuatwa na kauli kwamba wenzetu hawajui Kiswahili.

Sikubaliani na kejeli hiyo, na sababu yangu iko ndani ya gombeza lenyewe. Tazama umbo lake: gomb-ez-a. Kiambishi hicho ni cha kusababisha, kilekile kilichomo katika pendeza na ongoza. Kama tungefuata umbo bila kujali mazoea, kumgombeza mtu kungekuwa kumfanya agombe. Hakuna anayelielewa hivyo. Kiambishi hapo kimeacha kusababisha, kikawa cha kutia mkazo na kuuelekeza ukali kwa mtu mmoja, kama kilivyo katika sikiliza, ambako hatumsababishi mtu yeyote asikie bali tunategea sikio letu wenyewe. Mnairobi aliyechukua gombana akaitia kiambishi cha kusababisha, akapata neno la kukaripia, amepita njia ileile ambayo gombeza ilipita kabla yake. Amechelewa kuipita tu, na amepita akiwa na -an- begani.

Hasara yake naiona: penye gombanisha la maana hiyo, neno la kuwachochea watu wawili wagombane linabaki na utata, na msikilizaji hulazimika kusubiri aone kama kuna mtu wa tatu katika habari. Kwa hiyo ninapoandika kwa wasomaji wa pande zote mbili za mpaka natumia gombeza, ambalo Wakenya nao wanalifahamu bila shida, na uchochezi nauachia chonganisha. Katika maneno ya mhusika aliyezaliwa Eastlands ya Nairobi, hata hivyo, naliacha gombanisha kama lilivyotoka kinywani mwake, na mhariri akilipigia mstari mwekundu namrudishia mswada na maelezo ya sikiliza.