Namba 11

Nilipoanza kuutafuta ukoo wa upande wa baba, fedha niliyokuwa nayo ilitosha daftari na nauli. Tovuti za kulipia kila mwezi, vipimo vya vinasaba, mtafiti wa kukodi, vyote nilivisoma kwenye matangazo nikavipita. Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu, jina la mama mzazi wa bibi yangu, na mtu wa kwanza kuulizwa alikuwa bado hai.

Ukurasa wa kwanza wa daftari niliupanga kwa namba, mtindo wa zamani uliochapishwa na Michaël Eytzinger mwaka 1590. Wewe unakuwa 1, baba yako 2, mama yako 3. Namba ya mtu yeyote ukiizidisha kwa mbili unampata baba yake, na ukiongeza moja unampata mama yake. Bibi mzaa baba akawa 5, basi mama yake ni 11. Napenda mtindo huu kwa sababu hauhitaji hata kompyuta, na kwa sababu hauruhusu kuficha pengo. Wengine wa kizazi kile niliwajaza bila taabu, 8 hadi 10. Namba 11 ikabaki tupu.

Nikaenda kwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Nilimwamkia, nikakaa, nikaomba ruhusa ya kurekodi kwa simu. Akakubali. Lakini nilipomwuliza moja kwa moja mama wa bibi aliitwa nani, alitikisa kichwa.

"Sisi tulimwita Mama tu, mwanangu. Na bibi yako alimwita hivyo hivyo. Nani angemwita kwa jina?"

Nikaacha maswali ya majina, nikatoa picha za zamani nilizokuwa nimeziazima kwa binamu. Hapo ndipo shangazi alipofunguka. Mtu akiulizwa tarehe hujiona yuko kwenye mtihani. Akipewa picha huanza kusimulia. Alisogeza picha karibu na dirisha, akaweka kidole juu ya msichana aliyesimama nyuma.

"Huyu ni mdogo wake bibi yako. Aliolewa mbali, parokia nyingine kabisa. Mama alilia siku ile. Nilisimuliwa hivyo mara nyingi."

Nilimwacha aendelee. Alitaja harusi, akataja ugomvi wa shamba, akarudi kwenye harusi. Sikumkatiza hata pale alipochanganya miaka, kwa sababu miaka ningeitafuta kwenye vitabu, ila yale ya nani alilia na kwa nini hayakuandikwa popote. Ningekuwa na neno moja tu la kumwambia anayeanza kazi hii bila fedha, lingekuwa hili: nenda kwa wazee kwanza, kabla ya tovuti yoyote. Vitabu vitakungoja. Wao hawawezi.

Kabla ya kwenda kwenye rejista nilipitia miti ya ukoo ambayo watu wengine wameiweka wazi mtandaoni. Kwenye mmoja nilikuta namba 11 yangu tayari ina jina, zuri, lenye mwaka wa kuzaliwa. Moyo ulinienda mbio. Kisha nikapiga hesabu: kwa mwaka ule, mama huyo angemzaa bibi yangu akiwa na miaka minane. Hapakuwa na chanzo chochote chini ya jina, na miti mingine iliyolitaja ilikuwa imelinakili neno kwa neno. Nikaliandika nyuma ya daftari, mbali na mti, nikaendelea.

Rejista za parokia ya bibi zilikuwa zimepigwa picha na zinapatikana FamilySearch, tovuti ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Kazi hiyo waliianza kwa mikrofilamu, yaani picha ndogo ndogo za kurasa kwenye mikanda ya filamu, mwaka 1938, na mwaka 2021 walimaliza kuigeuza mikanda yao karibu milioni 2.4 kuwa picha za kidijitali. Akaunti ni bure kwa yeyote, wa dini yoyote. Ila picha nyingine, kwa masharti ya wenye kumbukumbu, hufunguka tu ukiwa ndani ya vituo vyao au maktaba zinazoshirikiana nao, na zangu zilikuwa hizo. Ndiyo maana nauli nilikuwa nimeitunza. (Maktaba ni jambo la kuulizia kwa sababu nyingine pia: baadhi hulipia Ancestry, mojawapo ya zile tovuti za ukoo za kulipia, na msomaji akiwa ndani ya jengo huitumia bila kutoa chochote.)

Siku niliyokwenda kituoni nakumbuka mwanga wa kioo na macho yanayowasha. Ukurasa ambao ubatizo wa bibi ulipaswa kuwemo ulikuwa umeharibika, wino umesambaa nusu ya karatasi. Nilisoma namba, nikasoma sehemu ya mwaka, basi. Nikakumbuka msichana wa kwenye picha. Watoto wa mama mmoja hubeba jina la mama yule yule, na kama mlango wa mmoja umefungwa unajaribu wa ndugu yake. Nikasonga mbele mwaka hadi mwaka mpaka nikampata, mwaka 1912: jina lake, la baba yake ambaye ndiye namba 10 yangu, la msimamizi wa ubatizo. Kwa mama, padri alikuwa ameandika jina la ubatizo peke yake, jina ambalo nusu ya wanawake wa ukurasa ule walikuwa nalo.

Nilikaa kimya. Mama mmoja wa makamo, anayejitolea pale, akapita nyuma yangu akasimama.

"Mwanangu, umesoma pembeni?"

Sikuwa nimesoma. Pembeni mwa ukurasa, kwa wino mwingine na mwandiko wa mtu mwingine, palikuwa na mstari mwembamba: tarehe ya mwaka 1931 na jina la parokia nyingine. Mama yule akanieleza kwamba tangu amri ya Ne Temere ya mwaka 1907, iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908, Kanisa Katoliki linataka ndoa iandikwe pia kwenye kitabu cha ubatizo cha wahusika. Kwa hiyo kitabu cha mtoto mchanga kinaendelea kuandikwa hadi akiwa mtu mzima, na mtafiti akiacha pembeni anaacha nusu ya habari. Nilimshukuru kwa mikono miwili.

Kitabu cha ndoa cha parokia ile nacho kilikuwepo. Nilifika kwenye tarehe kabla kituo hakijafungwa. Padri wa huko alikuwa mtu wa kuandika kwa ukamilifu, Mungu amrehemu: bwana harusi na wazazi wake, bibi harusi na wazazi wake, mashahidi, kila mmoja kwa majina yake. Na mama wa bibi harusi ameandikwa jina la ubatizo, jina la nyumbani, kisha "binti wa", kisha jina la baba yake. Jina lenyewe naliweka kwa ndugu zangu. Lakini mstari ule mmoja ulijaza namba 11, na ukajaza namba 22 ambayo sikuwa nimethubutu hata kuiwazia. Nililiandika daftarini pamoja na jina la parokia, mwaka, namba ya ukurasa na namba ya picha, ili yeyote wa ukoo asiyeniamini aende akaone mwenyewe.

Nikampigia shangazi nikiwa bado nje ya jengo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umepata?"

Nikamsomea. Jina la mama wa bibi alilirudia polepole, kama mtu anayejifunza. Nilipofika la baba yake, alinikatiza.

"Rudia."

Nikarudia.

"Hilo ni jina la kaka yetu. Yule aliyefariki mdogo, kabla ya baba yako kuzaliwa. Tulikuwa tunauliza lilitoka wapi, bibi yako anasema ni la mzee mmoja, basi."

Mimi sikuwa nimewahi kusikia kwamba baba alikuwa na kaka. Shangazi akanisimulia habari zake pale pale, nami nikiandika nimeegemea ukuta, daftari juu ya goti: alivyokuwa akimbeba mgongoni, homa iliyomchukua, mahali alipozikwa. Mwishoni akauliza kama kitabu kilimtaja na mke wa yule mzee. Hakikumtaja. Nikamwambia hiyo ni namba 23, na kwamba kitabu cha ubatizo cha namba 11 mwenyewe, kama kipo, ndicho nitakachokitafuta safari ijayo.

"Basi uje kwanza unipitie," akasema. "Zipo picha nyingine kwenye sanduku."